Uzoefu wangu: wamepiga nyundo magneti ya Vespa ya mzee

Naandika hapa mikono bado ina grisi na moyo unachemka. Gereji yenyewe siitaji, ila wenye Vespa za zamani hapa Mwanza, fundi asiyekuwa na pula, kile kifaa cha kuvutia magneti itoke, msimwachie injini hata dakika moja.

Ni PX 150 ya marehemu baba, alikuwa anaendea nayo kufundisha. Juzi kati ikaanza tabia, unaachia gesi lakini yenyewe inabaki inapiga resi, hasa ukishapanda kilima cha Bugando ikapata moto. Kwa hizi tu-stroke hiyo mara nyingi ni sili ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, upande wa magneti, lile gurudumu zito linalozalisha umeme wa plagi. Sili imekakamaa, inavuta hewa ya pembeni, petroli inakuwa pungufu, na kwa vile oili ya pistoni inakuja humo humo kwenye petroli, asilimia 2 tu, ukilazimisha kuendesha pistoni inakwama. Sili ni kidude cha raba na nilikuwa nayo tayari. Nilichokosa ni pula ya kutolea magneti, ndo kilichonipeleka kwao.

Nikamwambia kijana, dogo, hii haipigwi, magneti imejibana kwenye ncha ya krenki, inavutwa kwa pula. Akasema sawa mzee, hamna shida. Nimevuka barabara kupokea simu nasikia ko! ko! ko! Patasi na nyundo! Nafika nakuta mapezi mawili ya magneti yako chini kwenye mchanga, namuuliza umefanya nini anacheka, eti "mzee, hayo si mapambo tu". Mapambo! Hayo mapezi ndo feni, ndo yanapuliza upepo kwenye silinda, injini ya Vespa imefichwa ndani ya bodi haipigwi na upepo wa barabarani kama pikipiki ya Boxer. Alafu yakikatika upande mmoja magneti inakosa mizani, mtetemo wote unaishia kwenye bearingi za krenki. Bosi wake akatoka ndani, nikajua ataomba radhi, akadai 15,000 ya kufungua. Magneti yenyewe ilikuwa haijatoka! Nikalipa maana sikutaka kupigana, nikaibeba kwenye guta mpaka nyumbani.

Kuna mzee wa lethi, mashine ya kuchonga vyuma, kule Mabatini, huyo Mungu ampe maisha marefu. Akapima nyuzi za katikati ya magneti, akanichongea pula kutoka kwenye bolti nene siku hiyo hiyo. Nikaifunga, nikakaza, nikagonga kichwa cha bolti kidogo tu, tak! ikaachia. Miaka yote hii baba alikuwa anatafuta mafundi kwa kazi ya dakika tano! Kabla ya kulegeza skrubu 3 za sahani ya koili iliyo nyuma ya magneti nikachora alama kwa msumari ili taimingi ya cheche isihame, nikatoa sili ya zamani, ilikuwa ngumu kama kwato, nikaweka mpya na oili kidogo kwenye mdomo wake. Kile kichuma cha nusu mwezi kinachoshikisha magneti na krenki nikakikalisha vizuri, nati nikakaza kisawasawa, maana ikilegea kinakatika na taimingi inapotea. Kiki ya tatu ikawaka, ukiachia gesi inatulia kabisa.

Niseme haki, gereji hiyo hiyo ilimtengenezea shemeji yangu Boxer vizuri na kwa bei poa. Labda nimewasema sana, Vespa zimebaki chache na vijana hawajazizoea. Lakini hapana! Nilimwambia kwa mdomo wangu asipige.

Leo asubuhi nimeenda nayo Kirumba mwaloni na kurudi, nikifika 60 viganja vinaingia ganzi, ni yale mapezi mawili, natafuta magneti nyingine. Narudi nakuta meseji ya yule dogo, kuna Vespa imeletwa, anaomba nimwazime pula. Nimemjibu aisukume mpaka kwangu, afungulie hapa uwanjani mbele yangu, na nyundo aiache huko huko.