Kutoa Upepo kwenye Klachi: Kukanyaga Pedali au Kuacha Mafuta Yashuke Yenyewe?

Pedali ya klachi ya mafuta ikilegea na gia zikigoma kuingia, huenda upepo umeingia kwenye mafuta yake. Kagua kwanza uvujaji kwenye silinda ya juu (inayosukumwa na pedali) na ya chini (inayosukuma klachi), kwani kutoa upepo hakuponyi mpira wa kuzuia uvujaji uliolika. Kukanyaga pedali, mwenzako akifungua na kufunga nipeli (skrubu ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini), humaliza kazi haraka na husukuma mapovu sugu. Lakini katika gari kuukuu, pedali ikizamishwa hadi mwisho inaweza kuchana mipira ya silinda ya juu. Kuacha mafuta ya breki, ambayo ndiyo ya klachi pia, yatiririke yenyewe nipeli ikiwa wazi hakuhitaji msaidizi wala hakuumizi mipira, ila huchosha kwa kungoja, na povu lililonasa mahali paipu ilipoinuka huenda lisitoke. Kopo la mafuta lisikauke kamwe. Aliye peke yake na gari la zamani aanze na njia ya pili. Mwenye msaidizi na haraka, ya kwanza.