Bafa inakata vizuri, kisahani kinayeyuka

Velkro ya kisahani cha bafa yangu ya kung'arishia gari, yaani kile cha plastiki kinachoshika sponji, imeyeyuka katikati. Haijachakaa, imeyeyuka: vijino vimelala na kugandana, sponji limechomoka nikiwa katikati ya mlango, plastiki tupu ikagusa klia, ule utando angavu ulio juu ya rangi ya gari. Na mashine bado mpya kabisa.

Napiga simu dukani, kijana ananijibu, "Unakandamiza sana, mzee, hiyo si grinda." Eti grinda! Mkandamizo wa kilo 5 hivi haupaswi kuua bafa yoyote, na anayebisha aikandamize juu ya mizani ya bafuni aone mwenyewe. Kinachoyeyusha ni joto la katikati ya sponji, mahali ambapo hewa haifiki. Sponji lenye tundu katikati hupoa. Hayo waliyoniuzia hayana, na kisahani chao hakina hata tobo moja la hewa. Sponji lililojaa polishi kavu huzidisha joto, ndiyo maana nalipiga brashi kila baada ya kipande na kuzungusha sponji 4 au 5 kwa gari moja. Yote hayo nilifanya.

Haki ya bafa nayo niiseme. Ni ya aina inayozunguka huku ikiyumba, myumbo wa mm 15, na kwa anayeanza sishauri nyingine. Ile inayozunguka tu inakata haraka, lakini ukizubaa kwenye kingo za boneti unatoboa klia, ambayo mara nyingi ni mikroni 40 hadi 50 tu. Za mm 21 zinafagia boneti na paa upesi, ila kwenye bampa na vikunjo sponji linasimama. Chora mstari wa maka peni ubavuni mwa kisahani: usipouona ukizunguka, unatetemesha tu, hukati kitu. Hii yangu haisimami ovyo, na swichi yake haishtuki ikiwashwa.

Mikwaruzo ya kuoshea inaondoka vizuri, mradi gari limeoshwa, limepitishwa udongo wa kutolea uchafu, na raba zimefunikwa kwa tepu ya karatasi. Jaribu kwanza kipande cha sm 50 kwa 50, ukianza na sponji laini na polishi laini. Ikishindwa ndipo uhamie kali zaidi. Matone 4 yanatosha. Sambaza kwa spidi 1, kisha panda hadi 4 au 5, mkono uende sm 2 au 3 kwa sekunde, si mbio kama wanavyofanya kwenye video. Kila mstari ufunike nusu ya uliopita, kwa urefu kisha kwa upana. Futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji kabla ya kushangilia, maana mafuta ya polishi huficha mikwaruzo.

Kwa kazi hiyo ningeipa nyota 4. Tuseme 3, kwa ajili ya kisahani.

Ila kisahani cha akiba hawana, na hawajui kitakuja lini. Nimefunga cha kampuni nyingine, skrubu ya M8 (unene wa mm 8), kimeingia na velkro yake inashika. Sasa mashine inatetema mpaka vidole vinakufa ganzi, kwa sababu uzito wa kusawazisha ndani yake ulipimwa kwa kile cha kwanza, na hiki ni kizito zaidi. Kijana wa dukani naye amekwishaniambia kwamba ukifunga kisahani kisicho chao, waranti imekwisha.

Nyota 1.