Mashine yangu ya kukata nyasi na plagi iliyonitia wasiwasi

Mashine yangu ni ile ya kusukuma, yenye injini ya Honda GCV160. Niliinunua ya mtumba miaka mitatu iliyopita. Uwanja wangu hapa Kahawa Sukari, pembeni mwa Nairobi, una nyasi za Kikuyu, na mvua za Aprili zikikolea, unakata Jumamosi hii na Jumamosi ijayo ni kama hukugusa kitu. Kwa kazi hiyo sina lawama. Lawama niliyo nayo ni yangu mwenyewe, na kidogo ya fundi mmoja.

Mwaka jana, kiangazi cha Januari kilipokausha nyasi, niliiingiza stoo na petroli yake ndani ya tangi. Mwisho wa Machi nikaitoa. Nikavuta kamba hadi bega likauma. Ikakohoa mara moja, kimya. Fundi niliyemwita akafungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, akaitazama: nyeusi tititi.

"Mzee, hii inakula oili. Ringi za pistoni zimeisha, lazima tufungue injini."

Bei aliyotaja, ningeongeza kidogo tu nipate mashine nyingine.

Kilichonitia shaka ni yale masizi. Niliyapangusa kwa kidole, yakatoka makavu kama ya sufuria ya kuni. Injini inayokula oili huiacha plagi imelowa, inateleza. Masizi makavu maana yake petroli imezidi hewa. Na hapa kwetu tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikiwa imepangiwa nchi ya chini inamimina petroli ile ile. Isitoshe, chujio la hewa lilikuwa limegeuka rangi ya tofali kwa vumbi la barabara yetu isiyo na lami. Mashine ilikuwa imezibwa pua.

Nikampa fundi nauli, nikakunja mikono ya shati. Kikombe cha chini ya kabureta kimeshikwa na bolti moja tu. Nilipokifungua, harufu ya vanishi ikanipiga, na ndani kukawa na utando wa kahawia unaonata. Petroli ikilala mwezi mmoja tayari inaanza kuchacha. Hii ilikuwa imelala karibu miwili na nusu. Masizi yalikuwa ya kabla haijalala; kilichoizuia kuwaka sasa ni hiki: tundu la jeti, linalopitisha petroli, lilikuwa limeziba, na ni dogo hata sindano haipiti. Nilichomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa umeme, nikaupitisha polepole mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Plagi mpya, chujio jipya (la karatasi, halioshwi), petroli mbichi. Nilipovuta mara ya tatu ikanguruma. Pamoja na oili, sikufikisha sh2,500.

Tangu hapo naandika saa za kazi ukutani kwa chaki. Vitabu vya mashine hizi vinazungumzia kuilaza majira ya baridi, jambo lisilotuhusu sisi ambao nyasi zetu hazilali hivyo. Oili ya 10W-30, zaidi kidogo ya nusu lita, naibadilisha kila saa 50 au miezi sita. Naipasha injini moto dakika chache, naizima, nachomoa kofia ya plagi, kisha nailaza mashine kwa ubavu, chujio la hewa likiangalia juu, oili imwagike kwa mdomo wake. Ukiilaza kinyume, oili inaingia kwenye chujio na utapata moshi wa kufukuza majirani. Oili chafu humpa jirani apake vigingi vya ua wake, mchwa wanamsumbua. Na petroli ya hii haichanganywi na oili. Hiyo ni ya zile mashine za kufyekea za begani.

Kisu nakinoa kwa tupa. Ukiona ncha za nyasi zimechanika na kuwa kahawia siku ya pili, ujue kinang'oa, hakikati. Baada ya kunoa nakitundika kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, naupunguza kidogo kwa tupa mpaka kitulie sawa. Nilipuuza hilo mara moja, mpini ukanitetemesha mikono hadi jioni sikuweza kushika kikombe cha chai vizuri.

Umande ndio bado unaishinda. Nyasi mbichi zinagandamana chini ya bati na kuziba njia, kwa hiyo siitoi kabla ya saa nne asubuhi.