Quest 3 na Enscape kwenye ukaguzi wa ramani: uzoefu wangu

Miwani ya VR, inayokufanya uone kama uko ndani ya jengo ambalo bado ni mchoro tu, haimkamati fundi aliyekosea. Inamkamata mchoraji kabla zege halijamwagwa, na kwa kazi hiyo naikubali.

Natumia Meta Quest 3, iliyotoka Oktoba 2023, na Enscape, programu ya kutembeza mtu ndani ya mchoro, inayofanya kazi ndani ya Revit, programu ya kuchorea majengo kwa 3D. Kompyuta ndiyo inayochora picha. Miwani inapokea tu, kwa waya wa USB-C au Wi-Fi. Ukichagua Wi-Fi, kompyuta iingie kwenye ruta kwa waya na miwani ishike GHz 5, la sivyo picha itakwamakwama na mteja atashikwa na kichefuchefu.

Kichefuchefu ndicho kinachovunja vikao. Kwenye 90 Hz, yaani picha 90 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 11 tu za kuchora picha za macho yote mawili, na jengo zima la ghorofa 8 linaielemea. Nakata modeli kwenye mwonekano wa 3D ibaki ghorofa moja, kisha naficha nondo, boliti na samani. Sofa moja iliyopakuliwa mtandaoni inaweza kuwa nzito kuliko kuta zote za ghorofa hiyo! Mteja asogee kwa kuruka kutoka sehemu hadi sehemu, asiteleze, na dakika 15 zinamtosha.

Kabla ya kuanza, pima upya kimo cha sakafu kwenye miwani. Miwani ikikosea na kuyapandisha macho sentimita 10, mlango wa mita 2.1 unaonekana mfupi na mteja ataomba ubadilishwe bure.

Faida kubwa naiona kwenye chumba cha mitambo. Navisworks, programu ya kutafuta vitu vinavyogongana kwenye modeli, itakuambia bomba limepenya boriti. Lakini valvu iliyojificha nyuma ya dakti (njia ya hewa) haigusani na kitu, kwa hiyo ripoti inatoka safi, na spana haiingii. Ndani ya miwani unachuchumaa, unanyosha mkono, unajua. Hata hivyo usiitumie kupimia. Vipimo vibaki kwenye mchoro.

Nikiwa saiti, miwani siitoi nje. Jua likipiga lenzi moja kwa moja, linaunguza skrini hata ikiwa imezimwa. Kikao kifanyike ndani ya kontena, mbali na ukingo wa slabu, na betri uihesabie saa 2. Sponji ya usoni inanyonya jasho la watu wote. Weka kifuniko cha silikoni, ufute kila inapobadili mikono.