Kijitabu cha Ossietzky kwenye stesheneri ya Mtwara mjini: kazi safi, ila usiwaachie kuchapa maandishi

Stesheneri hii iko karibu na soko. Kazi iliyopelekwa ni kijitabu cha kikundi cha usomaji, nakala 50, kurasa 32 za A5, kuhusu Carl von Ossietzky, mhariri wa gazeti la kila wiki la Die Weltbühne la Berlin. Huku Mjerumani anayefahamika ni yule mkoloni wa boma la Mikindani. Huyu alifungwa na Wajerumani wenzake. Mwaka 1931 alihukumiwa miezi 18 kwa kuchapisha habari kwamba jeshi lilikuwa likijenga kikosi cha anga kwa siri. Februari 28, 1933 Wanazi wakamkamata, wakampeleka kambi ya mateso ya Sonnenburg, kisha ya Esterwegen.

Kukunja na kukata wanajua. Karatasi 8 za A4 hutosha kwa nakala moja: ya nje kabisa ina ukurasa wa 32 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 31 upande wa pili. Sisitiza mashine igeuze karatasi kwa upande mfupi, la sivyo nyuma yote hutoka kichwa chini. Bei ni kwa ukurasa, kwa hiyo uliza mapema kama jalada limo.

Wakikuchapia maandishi wao, mambo huharibika. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta yao, herufi ü ya Weltbühne hugeuka kiboksi. Peleka PDF iliyobeba fonti zake. Halafu kuna Nobeli ya Amani aliyopewa Ossietzky: ni ya 1935, ikatolewa 1936. Mchapaji akiona miaka miwili hudhani umekosea, akafuta mmoja. Yote miwili ibaki.

Picha ndiyo kipimo. Ile ya Esterwegen, Ossietzky amesimama mbele ya mlinzi na namba kifuani, ukiitoa kwenye fotokopi sare ya mlinzi huwa doa jeusi na namba haisomeki. Itoe kwenye faili lenye nukta 300 kwa inchi, punguza weusi kidogo, na udai nakala moja ya majaribio kabla ya zote 50.

Epuka wiki za mitihani, shule hujaza foleni. Na pini za kubania kurasa: walizonazo ni za kawaida, hewa ya bahari huzishikisha kutu, na doa la kahawia huingia hadi kurasa za katikati. Ukiwaomba wanashona kwa uzi, matundu matatu, kwa nyongeza ndogo.