Ajenti wa bima Kenya: uuze bima ya afya ama ya maisha, sasa SHA imeingia?

Hili swali haliishi, hasa tangu 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF, ile ya zamani. Watu wanadhani ajenti wa bima ya afya kazi yake imeisha, mimi sioni hivyo.

Tuanze na pesa. Bima ya maisha kamisheni ya mwaka wa kwanza ni nono alafu inashuka, ya afya ni ndogo lakini mteja akirinyu (akilipia tena) kila mwaka unakula tena.

Kuuza sasa. Mwenye mshahara wa 100,000 alikuwa anakatwa 1,700 ya NHIF, saa hii ni asilimia 2.75 yaani 2,750, na ukimpelekea kava ya afya anakufungulia payslip kwa simu anakuuliza, "Nilipe mara mbili kwani mimi ni benki?" Hapo bima ya maisha inapita rahisi kidogo juu hakuna makato ya serikali inashindana nayo. Lakini huyo huyo akitaka hospitali ya private bila kuongeza hela mfukoni, atakutafuta mwenyewe.

Usumbufu? Afya inaongoza mbali sana. Mimi nimepigiwa saa nane usiku, mama yuko mapokezi na mtoto ana homa, kadi imekataa, na mimi ndiye niliyemuuzia.

Kama una akiba kidogo na unajuana na maHR wa kampuni ndogondogo, afya itakulipa polepole. Kama kodi ya mwezi huu inakusumbua na mdomo unao, anza na maisha. Cheti cha COP, kile cha kuonyesha umefuzu mafunzo ya bima, utahitaji kote kote.