Kadi ya Costco katika jiko la kosher: mwaka mmoja baadaye

Nianze na jibu, maana mama mwenye watoto wanne hana nafasi ya kusoma mpaka chini: kadi ya uanachama ya Costco, lile duka kubwa la kununua kwa jumla, ya dola 65 kwa mwaka, ilirudisha pesa yake kabla mwezi wa tatu haujaisha. Lakini haikuirudisha kwa nyama wala jibini, vile vitu ambavyo kila mtu hulalamika kwamba ndivyo vinavyofanya kosher, yaani kula kwa sheria za dini ya Kiyahudi, iwe ghali. Iliirudisha kwa mchele, unga, mayai, mafuta ya kupikia na treya za foili.

Sisi ni watu sita, tunakaa Baltimore, upande wa Pikesville. Mume wangu amezaliwa hapa katika familia ya Kiyahudi inayoshika kosher tangu mababu. Mimi ni wa Kisauni, Mombasa, na dini hii niliingia nikiwa mtu mzima, kabla ya ndoa. Kwetu tumekulia na majirani Waislamu, kwa hiyo swali la "nyama hii kachinja nani?" halikuwa geni kwangu. Kilichonishtua ni bei. Siku niliyomwaga risiti zote za mwezi mezani nikajumlisha, chakula peke yake kilifika dola 1,720. Sasa tunazunguka kwenye 1,280, na watoto wamekua, wanakula kuliko wakati ule.

Kuku wa kosher hauzwi ghali kwa ajili ya jina. Anachinjwa kwa mkono na mchinjaji aliyeisomea kazi hiyo, anakaguliwa, analowekwa maji nusu saa, anapakwa chumvi na kuachwa saa nzima damu itoke, kisha anasuuzwa mara tatu, na muda wote huo yupo msimamizi anayelipwa mshahara. Ng'ombe ndiyo zaidi. Mapafu yakikutwa na kasoro, mnyama mzima anaweza kukataliwa. Na hapa Marekani sehemu ya nyuma kwa kawaida huuzwa kwa wasioshika kosher, kwa sababu kuondoa mishipa na mafuta yaliyokatazwa ni kazi nzito. Gharama yote hiyo inabebwa na sehemu ya mbele. Ndiyo maana nimeacha kuwinda kuponi za nyama. Nimepunguza siku za kuila: usiku wa Ijumaa, mchana wa Sabato, na Jumatano moja moja.

Siku zilizobaki tunakula chakula cha Pwani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba jiko la mama yangu lilikuwa tayari kwa kazi hii. Sheria inakataza nyama na maziwa katika mlo mmoja. Wapishi wengi hapa, wakitaka mchuzi mzito wenye nyama, hununua krimu za bandia zisizo na maziwa, chupa ndogo kwa bei kubwa. Mimi natia tui la nazi. Tui ni parve, yaani halihesabiwi nyama wala maziwa, linakaa na chochote. Kuku wa kupaka anaingia mezani Ijumaa usiku bila swali. Jumatatu mbaazi za nazi, Jumanne maharage, Alhamisi wali na samaki. Mavyaa wangu, ambaye mwanzoni alikuwa akionja kwa ncha ya kijiko, sasa hupiga simu kuuliza kama mbaazi zimebaki.

Tahadhari moja: tui la unga. Pakiti nyingi hutiwa kaseini, ambayo ni protini ya maziwa, hata kama mbele imechorwa nazi tupu. Nilinunua moja nikafika nayo nyumbani ndipo nikaona herufi D pembeni ya muhuri unaothibitisha kosher. Ikaenda kwa jirani. Tangu hapo nanunua la mkebe tu, na bado nasoma.

Kusoma muhuri wenyewe kunaokoa pesa. Alama ya OU, herufi U ndani ya duara, bila kitu pembeni, kwa kawaida ni parve. Ikiwa na D ni ya maziwa. Ikiwa na P, hiyo si parve, ni ruhusa ya Pesach, Pasaka ya Kiyahudi. Mwaka wangu wa kwanza nilichanganya hizo mbili nikanunua bidhaa za Pesach kwa bei ya juu bila sababu. Herufi K ikiwa peke yake hainitoshi, kwa sababu ni herufi tu na kampuni yoyote inaweza kuiandika. Star-K, shirika linalotoa muhuri wa kosher, makao yao yapo hapa hapa Baltimore, na watu wa mtaa huwauliza kabla ya kutupa au kununua.

Sasa Costco yenyewe. Naenda Jumatatu jioni. Jumamosi haiwezekani, na Jumapili foleni ya magari inakula saa nzima. Kikapu changu hakibadiliki sana: gunia la mchele, unga wa ratili 25, sukari, mayai, mafuta ya zeituni, siagi ya karanga, samoni na treya za foili. Mchele mkavu wa kawaida hauhitaji muhuri, na mayai pia hayahitaji, ila kila yai linavunjwa kwanza kwenye glasi kuangalia damu. Vitu vingi vyenye jina lao la Kirkland vina muhuri, lakini si vyote, na bidhaa iliyokuwa nao mwaka jana inaweza kuupoteza mwaka huu, kwa hiyo naigeuza pakiti kila mara. Samoni rabi wetu anaturuhusu kununua hata akiwa ametolewa ngozi, kwa kuwa rangi ya nyama yake inamtambulisha. Samaki mwingine sharti nione magamba.

Treya za foili zinastahili maneno yao. Nyumba ya kosher ina vyombo vya nyama na vyombo vya maziwa, na ukitaka kuoka kitu cha parve unahitaji cha tatu. Treya inamaliza mambo. Nilikuwa nazinunua nnenne dukani karibu na nyumbani. Pakiti kubwa ya Costco inanivusha miezi miwili, sikukuu zikiwemo.

Unga ndio ulioleta tofauti kubwa kuliko yote. Mikate ya hala ya Sabato tulikuwa tunanunua kwa muokaji, mitatu kwa wiki, wastani wa dola 7 mmoja. Sasa kila wiki ya pili nakanda ratili tano za unga kwa mpigo mmoja, kiasi cha kilo 2 na robo, ambacho kinatosha kutenga kipande cha donge kwa baraka kama sheria inavyotaka. Inatoka mikate sita. Mitatu inaliwa, mitatu inaingia friza. Hamira nanunua pakiti kubwa naigandisha. Na wakati wa Hanuka, sikukuu ambayo desturi yake ni vitu vya kukaangwa kwa mafuta, unga huo huo na tui na iliki unakuwa mahamri. Ni parve, kwa hiyo watoto wanakula hata baada ya nyama.

Vya kuacha pale: kuku wa kuchoma wa dola 4.99. Harufu yake inajaza duka zima, watoto wangu wanaijua, na si wetu. Huyo ndiye ofa kubwa kuliko zote mle ndani, nami napita na toroli langu. Nimeacha pia mtindi wa ndoo na sosi za saladi za chupa mbilimbili. Tulitupa nusu.

Mboga ni habari nyingine, na hapa moyo wangu upo. Mboga mbichi haihitaji muhuri lakini mdudu haruhusiwi hata akiwa mdogo kama punje ya chumvi. Brokoli, koliflawa na majani ya saladi huuzwa yakiwa yamekaguliwa tayari, kwa bei inayouma. Wanawake wengi hapa hununua hizo kwa kuogopa. Mimi nilikulia na sinia mapajani. Nyanya yangu alinikalisha barazani kuchagua mchele tangu nina miaka sita, na punje moja ya jiwe ikipita nilirudia sinia zima. Kazi ni ile ile. Nimeacha brokoli kabisa, nanunua yale majani mapana wanayoyaita collard, ambayo kwetu ni sukuma wiki, fungu lisilofika dola mbili. Naloweka kwenye maji na tone la sabuni, nasugua, nasuuza, kisha nayainua jani kwa jani mbele ya taa, mbele na nyuma. Dakika kumi na tano. Jina la mboga hiyo lenyewe linasema imekuja kufanya nini.

Mbaazi, choroko, kunde na iliki nzima sinunui Costco wala duka la kosher. Duka la Wahindi ni rahisi zaidi, na nafaka kavu na viungo vizima visivyochanganywa na kitu tunavitumia bila muhuri. Aldi, duka la vyakula vya bei nafuu, naenda kwa jibini, nikitafuta yenye muhuri, na kwa maziwa. Maziwa ya kawaida, yaani yasiyosimamiwa na Myahudi yakikamuliwa, tunatumia kwa kufuata uamuzi wa Rabi Moshe Feinstein, kwamba ukaguzi wa serikali ya Marekani unatosha. Wapo wasiotumia ruhusa hiyo, na bajeti yao haitafanana na yangu. Aldi hawadai uanachama, unatia tu senti 25 kwenye toroli na unarudishiwa.

Kuletewa vitu nyumbani nimeacha. Kampuni moja iliniletea siagi ya maziwa badala ya majarini ya parve niliyoagiza, bila kuniuliza, na sikuiona mpaka keki ya Sabato ilipokuwa imeshaiva. Pesa walirudisha. Keki hatukuweza kuila na mlo ule.

Nyama sasa. Tumeungana familia nne, tunaagiza kuku wazima kwa katoni kwenye duka la kosher, na bei ya ratili inashuka. Nakata mwenyewe. Migongo na shingo ni supu, na chumvi napunguza, kwa sababu kuku huyo ameshapakwa chumvi kabla hajanifikia.

Pesach ndiyo inayotaka kunishinda. Siku nane bila chachu, na kwa desturi ya Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya, ambayo ni ya mume wangu, wali na maharage na mbaazi vinaondoka pia. Mwaka huu nilifanya hivi: matza za mkono, mikate mikavu isiyo na chachu ambayo bei yake ni kali, kwa usiku mbili za Seder tu, ule mlo wa ibada wa kufungua sikukuu. Siku nyingine tulikula matza za mashine, zile boksi za ratili tano ambazo maduka makubwa huziuza karibu bure wiki chache kabla. Chakula kilikuwa viazi, mayai, samaki na ndizi mbichi za nazi niliyoikuna mwenyewe. Sikununua biskuti wala nafaka za asubuhi za Pesach. Sikukuu ilipokwisha nilirudi dukani nikachukua juisi ya zabibu nusu bei, ya kutosha Kidushi, baraka ya kikombe ya Sabato, mpaka Septemba.

Kadi yangu inaisha baada ya wiki tatu na nitailipia tena. Waliniuliza kama nataka ile ya dola 130, inayorudisha asilimia 2. Nilikokotoa: ili dola 65 za ziada zirudi, ni lazima nitumie kwao dola 3,250 kwa mwaka, kama 270 kwa mwezi. Mimi naishia 200, kwa sababu kuku wetu wapo kwenye katoni nyingine. Nimebaki na ya 65.